Kiswahili ninacho, marafiki sina: jibu kwa mwanafunzi wa Tanga aliyeko Nairobi

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 20 kutoka Tanga. Tangu Septemba nipo Nairobi, mwaka wa kwanza chuoni. Nyumbani waliniambia sitapata shida kwa kuwa Wakenya wanajua Kiswahili. Huu sasa ni mwezi wa tatu. Darasani ni Kiingereza cha kasi, nje ya darasa ni Sheng, na mimi nikisema "naomba" kantini watu wanacheka na kuniigiza. Maadui sina, wote wananisalimia, lakini Jumamosi ikifika nakaa chumbani peke yangu hadi Jumatatu. Mahali pekee ninapojisikia nyumbani ni Msikiti wa Jamia siku ya Ijumaa, na hata huko naswali tu na kurudi. Wenzangu wa hosteli huenda mara mojamoja kutembelea makao ya watoto yatima, wananiambia nijiunge nao, eti kujitolea ndiyo njia ya kupata marafiki. Mwingine amenionya kwamba pasi yangu ya mwanafunzi hainiruhusu kufanya kazi yoyote, hata ya bure. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye neno "kuniigiza". Najua linavyouma. Mwaka 1993 mimi nilikuwa kama wewe, ila kwa upande wa pili wa mpaka: msichana wa Nairobi aliyekwenda kusoma Dar es Salaam. Wiki ya kwanza nilisimama mbele ya mama lishe mmoja kule Mwenge nikamwambia, "Nipe chai na chapati mbili." Akawahudumia watu watatu waliofika nyuma yangu, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa upole, "Binti, umegombana na nani leo?" Benchi zima likacheka. Nilikunywa chai ile koo limenikaba, na kosa langu silijui. Zilipita wiki mbili ndipo mwenzangu wa chumba, Mnyamwezi wa Tabora, akanifundisha kwamba pale "nipe" ni amri, na mtu aliyelelewa husema "naomba".

Baadaye niliingia kazi ya kuwashauri wanafunzi wa kigeni hapa Nairobi, na huu ni mwaka wa 19. Nitakuambia jambo ambalo huenda hukulitarajia: upweke wa Mtanzania hapa hujificha kuliko wa wageni wengine. Mwanafunzi wa Addis Ababa anafika akijua kwamba hajui kitu, na wenyeji wanajua hivyo pia. Wanamshika mkono, wanampeleka kituo cha matatu, wanamfundisha maneno mawili matatu kila siku. Wewe umefika unaongea. Kila mtu akadhani umeshafika nyumbani, hata wewe mwenyewe, na kwa hiyo hakuna aliyekuonyesha chochote. Miezi mitatu umekuwa mgeni bila kupewa haki za mgeni.

Tuanze na kile kicheko. Hapa anayetaka kuwa mpole kwa mwuzaji husema "nisaidie na maji", na wengi husema tu "nipatie" au "niuzie", bila ubaya wowote moyoni. "Naomba" masikioni mwao ni neno la dua, au la mtu aliyeishiwa. Kijana wa kantini amemwona msichana mwenye pesa mkononi akiomba kama hana, ndipo akacheka. Kisha kuna kicheko cha pili, ambacho nadhani wewe umekihesabu pamoja na cha kwanza, nacho ni cha raha. Wakenya wengi wanapenda kumsikia mtu wa kwenu akizungumza, na wanamwiga ili aendelee. Huwezi kujua umechekwa kwa lipi mpaka ujibu. Kosa ninaloliona mwaka baada ya mwaka kwa wasichana wa Tanga na Unguja ni kwamba wakishachekwa mara mbili wanahamia Kiingereza, au wananyamaza kabisa. Usihame. Baki na "naomba" yako, na anayekuiga mwulize: "Ninyi hapa mnasemaje?" Atakujibu, kwa kuwa hakuna mtu asiyependa kuulizwa habari za lugha yake, na hapo tayari mmekuwa na mazungumzo ya dakika tatu mahali ambapo jana palikuwa na kicheko tu.

Sheng usiikimbilie. Miezi hii jifunze kuisikia, kuisema kutakuja kwenyewe. Anza na pesa, maana hizo utazihitaji ndani ya matatu kila siku: mbao ni shilingi 20, finje ni 50, soo ni 100, ngiri ni 1,000. Na kuna utani mmoja ninaokuomba uuache Tanga, ule wa kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Bara, kikaugua Kenya na kufia Uganda. Nimeusikia ukisemwa na wanafunzi wa kwenu mara nyingi, kwa nia njema kabisa, na kila mara nimemwona Mkenya mmoja akijikunja. Sheng imekulia katika mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ambako watoto wa nyumba za Kikuyu, Kijaluo, Kikamba na Kiluhya walikutana kwenye uwanja mmoja na kuhitaji namna ya kuitana kwenye mpira. Kwa kijana wa Bahati au Jericho hiyo ni lugha ya utotoni. Ukiiita ugonjwa, umemwita yeye mgonjwa.

Kuna tofauti nyingine ambayo hukuiandika, lakini nina hakika imekuuma, kwa sababu huwauma wote: chakula. Kwenu mtu hawezi kufungua sahani mbele ya mwenzake bila kusema "karibu". Hosteli za hapa msichana atakula chapo madondo yake (chapati na maharage) kitandani, wewe ukiwa kitanda cha pili, na neno asikuambie. Siyo kwamba amekunyima. Wengi wao wamepitia miaka minne ya sekondari ya bweni ambako kila mtu alikuwa na sahani yake, na kuingilia chakula cha mwenzio kulikuwa ni kukosa adabu. Nilipokuwa Dar es Salaam mambo yalikuwa kinyume. Nilikuwa nakula bila kukaribisha mtu, na sikujua kwamba bweni zima linanisema kwa uchoyo. Wewe endelea kukaribisha. Mara ya kwanza watakataa, mara ya tatu mmoja atakaa.

Nimesema "mara ya tatu" kwa makusudi. Katika miaka yote hii ya kuwatazama vijana wakifika na masanduku yao, nimeamini kitu kimoja kuhusu marafiki wa ugenini: hawapatikani kwa kutafutwa, wanapatikana kwa kuonana tena na tena, mikono ikiwa na kazi. Sherehe ya kuwakaribisha wanafunzi wapya ina watu 300 na unaondoka bila rafiki hata mmoja. Safari ya siku moja ni hivyo hivyo. Lakini watu wanne wanaopanga vitabu kila Jumamosi saa 3 asubuhi, wiki ya sita watajuana majina ya mama zao. Mtu mwenye haya kama wewe (nimeiona haya hiyo katika mwandiko wako) hutulia anapokuwa na kitu cha kushika, kwa sababu macho ya watu yapo kwenye kazi, hayapo usoni pake.

Kumbuka pia kwamba Jumamosi yako tupu si hukumu juu yako. Nairobi ina wanafunzi wengi ambao nyumbani kwao ni Kiambu, Thika, Machakos au huko huko mjini. Ijumaa jioni wanapanda matatu wanakwenda kwao, na Jumapili usiku wanarudi na chakula cha mama. Marafiki zao wa karibu waliwapata wakiwa kidato cha kwanza. Hawakukutenga wewe. Nafasi ya rafiki kwao ilishajaa kabla hujafika, na nafasi mpya hufunguka polepole.

Sasa kujitolea, na hapa nitakaa kidogo.

Yule aliyekuonya kuhusu pasi hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Pasi ya mwanafunzi inakupa ruhusa ya kusoma kozi yako katika chuo chako. Haikupi ruhusa ya kuajiriwa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 inamkataza mgeni kushika ajira, kazi ya taaluma au biashara bila kibali, kwa hiyo usije ukajishikiza kwenye ofisi, kliniki au shule ukifanya zamu ambayo kwa kawaida mtu huajiriwa kuifanya, hata wakikuambia ni ya kujitolea na hulipwi senti. Wakati wa mazoezi ya kazi ukifika, hiyo atachimenti inayodaiwa na kozi nyingi, ipo pasi yake tofauti na chuo kitakuelekeza. Lakini kwenda na klabu ya chuo kupanda miti, kusomea watoto hadithi maktabani Jumamosi, au kujifunza huduma ya kwanza, hayo wanafunzi wa kigeni wamekuwa wakiyafanya miaka yote. Njia salama ni moja: nenda kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako, waambie unataka kufanya nini, wapi na siku gani, na uombe barua. Ofisa akikuambia jambo lako linahitaji kibali, mwamini yeye kuliko mimi. Na kama hujachukua kitambulisho cha mgeni, uliza siku hiyo hiyo, maana anayekaa nchini zaidi ya siku 90 anatakiwa kujiandikisha.

Kuhusu makao ya watoto, mwanangu, nakuomba usiende.

Najua ni neno zito, na najua wenzako wana mioyo mizuri. Mimi mwenyewe niliandaa safari hizo kwa miaka minne. Tulikodi basi, tukanunua unga, sabuni na peremende, tukaenda kwenye makao fulani nje kidogo ya jiji. Safari ya kwanza mtoto wa kiume wa miaka kama minne alimshika mwanafunzi wangu mmoja sketi, hakumwachia hadi jioni. Alilia tulipoondoka, na sisi ndani ya basi tulilia pia, tukasema tumefanya jambo jema. Muhula uliofuata nilirudi na wanafunzi wengine. Mtoto yule akamshika msichana mwingine sketi kwa namna ile ile, akamwita "dada" kwa sauti ile ile. Mara ya tatu tulipofika alibaki mlangoni, akatutazama, akarudi ndani. Nilikaa usiku kucha nikimfikiria. Tulikuwa tumemfundisha, kwa peremende zetu, kwamba watu wote huja, humkumbatia na kuondoka. Tangu hapo sijaandaa safari nyingine.

Baadaye nilikuja kusoma zaidi na kukuta kwamba wanaofanya kazi ya ulinzi wa watoto walikuwa wamelisema jambo hili muda mrefu. Watoto wengi walio kwenye makao wana mzazi au ndugu aliye hai, na kilichowatoa nyumbani mara nyingi ni umaskini. Wageni wakimiminika na zawadi, mlango wa makao unazidi kuwa mpana na njia ya kurudi kwa bibi inazidi kuwa nyembamba. Novemba 2017 serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mwaka 2022 ukatolewa mkakati wa kitaifa wa miaka 10, hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kwenye familia na jamii zao. Wenzako wakikuuliza kwa nini huendi, waambie hivyo kwa utaratibu, bila kuwahukumu. Wakitaka kutoa unga, watafute familia inayomlea mjukuu yatima mtaani na wapitishie huko, kwa mzee wa mtaa au kanisa au msikiti.

Basi uende wapi? Umeniandikia kwamba Ijumaa unakwenda Jamia. Ukitoka pale, palepale Mtaa wa Banda, kuna jengo lenye nguzo kubwa mbele: Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Enzi za ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Leo ni ya umma, na ina ndugu zake wawili Eastlands, maktaba ya Kaloleni na ile ya Makadara. Kwa miaka kadhaa sasa zote tatu zimekuwa zikifufuliwa na shirika la Book Bunk kwa ushirikiano na Kaunti ya Nairobi. Ingia siku moja ukitoka kuswali. Usianze kwa kusema unataka kujitolea. Kaa, soma, rudi Ijumaa inayofuata, umsalimie msimamizi kwa jina. Ndipo umwulize kama kuna vipindi vya watoto vya Jumamosi vinavyohitaji mkono, pale au Kaloleni.

Na hapo ndipo utashangaa. Kiswahili ni somo la lazima na la mtihani katika shule za msingi za Kenya tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na mtaala mpya haukukiacha. Kuna watoto Nairobi wanaozungumza Sheng tamu kutwa nzima na kutoa jasho mbele ya insha. Kuna wazazi wanaolipa mwalimu wa ziada kwa ajili ya ngeli na methali. Ile "naomba" inayochekwa kantini, mbele ya mama mwenye mtoto wa darasa la sita ni mali. Sikuambii ukafungue shule, na wala usilipwe. Nakuambia ukae kwenye meza ya watoto kwa saa mbili, usome hadithi kwa sauti, usahihishe "hii kitabu" iwe "hiki kitabu" kwa upole ule ule alionionyesha yule wa Tabora. Kila Jumamosi. Mpaka muhula uishe.

Nilikuwa na mwanafunzi wa Bujumbura aliyefanya kitu kama hicho miaka michache iliyopita. Alikuja kwangu mwezi wa pili akitaka kufunga mizigo arudi kwao. Tukakubaliana ajaribu muhula mmoja kupanga vitabu na kusoma na watoto. Jumamosi tano za kwanza aliniambia ni kazi bure, hakuna anayezungumza naye. Ya sita mvua ilinyesha, matatu zikapandisha nauli kama zinavyofanya mvua ikianza, na mama mmoja aliyekuwa anamsubiri mwanawe akamwambia, "Hii bei si ya kulipa, kaa hapa tungoje ishuke." Walingoja saa moja na nusu. Mwaka uliofuata mama huyo alimchukua hadi Murang'a kwenye ruracio ya mdogo wake, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, akamkalisha upande wa familia. Yule binti sasa yuko kwao Burundi na bado wanapigiana simu. Hakuna shughuli ya kuwakutanisha wanafunzi ambayo ingemkutanisha na mama wa miaka 45 anayeuza mitumba. Ukitafuta marafiki wa rika lako peke yake, utaikosa sehemu kubwa ya mji huu.

Kama watoto na vitabu si fani yako, zipo njia nyingine nami nitazipitia haraka. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, lina vikundi vya wanafunzi kwenye vyuo vingi, na mafunzo ya huduma ya kwanza yatakusaidia popote utakapokwenda. Klabu za mazingira hupanda na kumwagilia miche, nyingine hufanya kazi katika Msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea Januari 1999 ili usigawanywe viwanja. Kipimo changu ni hiki tu: mahali pawe na msimamizi anayejua unakuja lini, kazi iwe ndogo na ya kurudiwa, na isiharibike siku ukiugua. Palipo na ada ya kujitolea, au palipo na kamera inayowasubiri wageni mlangoni, geuza ulikotoka.

Mambo machache ya usalama. Uliza namba ya gari na kituo cha kushukia kabla hujatoka chumbani, na usitoe simu dirishani gari likiwa limesimama kwenye foleni. Toka asubuhi, rudi kabla ya saa 12 jioni, na mtu mmoja hosteli ajue umekwenda wapi. Hayo namwambia pia binti yangu aliyezaliwa hapa.

Nirudi darasani, maana umelitaja kwa maneno machache lakini nahisi ndiko hofu yako iliko. Kile Kiingereza cha kasi hakipimi akili yako. Wewe ulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kuanza Kiingereza kama lugha ya kufundishiwa ukiwa kidato cha kwanza. Wenzako walianza wakiwa na miaka kumi au chini yake, na wengi wa mjini wanakizungumza nyumbani. Wana miaka mingi ya mazoezi ya mdomo ambayo huna, lakini ya kuandika mnaweza kuwa sawa. Kwa hiyo kabla ya kila kipindi andika swali moja kwenye daftari, sentensi kamili, na ulisome kama lilivyo ukipewa nafasi. Vyuo vingi hapa alama 30 kati ya 100 hutoka kwenye kazi za darasani na majaribio ya muhula, na nyingi kati ya hizo hufanywa kwa vikundi. Usisubiri kuchaguliwa. Mwendee mtu wa pembeni yako siku kazi inapotolewa, umwambie, "Mimi nitaandika muhtasari." Anayeandika muhtasari hutafutwa na kikundi chote usiku wa kuamkia mtihani, na usiku huo huzaa urafiki mwingi kuliko unavyodhani.

Na ujue hauko kwenye njia ngeni. Kati ya mwaka 1963 na 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja chenye vyuo vitatu, Makerere, Dar es Salaam na Nairobi, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake. Kijana wa Tanga aliyetaka uhandisi alikuja Nairobi, Mkenya aliyetaka sheria akaenda Dar es Salaam, na waliotaka udaktari wakakutana Kampala. Nimewahi kukaa na wazee wa kizazi hicho. Ukiwauliza walijifunza nini wanakutajia kozi kwa sentensi moja, kisha wanazungumza saa nzima juu ya mtu waliyelala naye chumba kimoja, na wengi bado wanaijua harusi ya kila mtoto wake.

Kuhusu kukaa na Watanzania wenzako au wageni wengine: usione aibu. Kuna washauri wanaowakataza wageni kukaa pamoja, mimi sikubaliani nao. Mrundi, Mkongo na Msomali mtaelewana kwa jambo ambalo mwenyeji halioni, yaani jinsi inavyokuwa kupanga foleni ya pasi na kumkosa mama siku ya Idi. Ramadhani ikija, futari itakukutanisha na watu bila jitihada. Fika pia Pumwani siku moja na mtu anayepajua. Ni mtaa uliowekwa na wakoloni miaka ya 1920, una familia za Kiislamu zilizokaa hapo kwa vizazi, na Kiswahili cha wazee wake kitakufanya usahau kidogo kwamba uko mbali. Ila siku moja ya wiki, ile Jumamosi ya maktaba, iwe ya wenyeji.

Simu za usiku kwenda Tanga usizikate. Ila mwambie mama mambo mawili: lililokuumiza na lililokufurahisha. Nimegundua kwamba mwanafunzi anayemsimulia mama yake machungu pekee huanza kuyatafuta mchana ili apate cha kusimulia. Na ikitokea usingizi umekwisha kabisa, chakula hakipandi, au unaamka na huoni sababu ya kwenda darasani kwa wiki mbili mfululizo, huo si upweke wa kawaida tena na marafiki pekee hawautibu. Nenda ofisi ya ushauri nasaha ya chuo. Ni bure kwa mwanafunzi, ni siri, na haiandikwi kwenye cheti chako.

Desemba muhula ukiisha, nenda nyumbani kama nauli ipo. Treni ya mchana hadi Mombasa, ulale, kisha basi la Lunga Lunga, uvuke Horohoro, na alasiri uko Tanga. Kabla hujaondoka pita maktaba umwambie msimamizi tarehe utakayorudi, ili Januari wakutarajie. Ukirudi, beba visheti na kashata za kutosha chumba kizima. Fungua kopo kitandani kwako, usianze kula, sema "karibuni", halafu ungoje.